Mfalme Asiyeruhusiwa Kushika Jiwe

Saa mbili na nusu asubuhi, jua la Januari ndiyo kwanza linachungulia juu ya mgongo wa kisiwa cha Morovnica, na Krševan Lukarić amekalia kiti cha jikoni katikati ya shamba la mizeituni. Kichwani ana taji la bati. Mikono ameibana kwapani. Baridi ipo, lakini sababu si baridi. Haiamini mikono yake.

Mbele yake watu kama thelathini wanainua mawe, wanayapanga, wanayaangusha. Karani mmoja wa bima, aliyekuja kutoka Zadar, mji wa bara, kula Krismasi kwa mama yake, anaweka jiwe la mviringo juu ya jiwe jingine la mviringo, kama mtu anayepanga mayai. Krševan anafumba macho.

"Geuza," anasema. "Uso wake uko upande wa pili."

"Jiwe lina uso?" anauliza karani.

"Lina uso, lina kisogo, lina mkia. Mkia unaingia ndani ya ukuta. Wewe umeutoa nje kama mkia wa mbuzi."

Kando ya kiti, Bibi Dumica Škibola, mwenye miaka themanini na minne, anafuma soksi. Haitazami soksi. Anatazama mikono ya Krševan.

"Mikono, mfalme wangu," anasema, taratibu tu.

"Iko kwapani, bibi."

"Nimeuona mmoja unachungulia."

Krševan ana miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo ameimalizia kwenye mawe. Yeye ni mwashi wa kuta kavu, zile zisizo na saruji wala udongo, zinazosimama kwa sababu kila jiwe limemkalia mwenzake vizuri. Kuta hizo ndizo zinazokishika kisiwa. Bila hizo udongo mwekundu ungeshuka wote baharini na mizeituni ikafuata.

Kazi yake hulipwa yuro themanini kwa mita moja, na mita moja iliyojengwa kwa heshima hula siku nzima. Majira ya baridi, upepo wa bura ukishuka kutoka milimani, kuna wiki hajengi hata shubiri. Hapo mkewe, Stošija, huuza tini kavu na mafuta ya mizeituni, na wanakula kabichi na kipande cha kondoo aliyekaushwa.

"Sijawahi kuwa tajiri," anasema. "Ila hakuna mtu aliyewahi kuniita mara ya pili kwa ukuta uleule."

Sasa, mtu kama huyo anatafuta nini kitini, na kazi iko mbele yake?

Jibu lake linaanzia siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi. Siku hiyo, baada ya misa, Morovnica huchagua kralj, yaani mfalme. Kila mtu mzima anapewa lozi moja na kuitia katika kofia ya anayemtaka. Mwenye lozi nyingi anavikwa taji ambalo fundi bati mmoja wa zamani alilikata kutoka kwenye debe la mafuta, naye anatawala hadi Epifania, tarehe sita Januari, siku ambayo wenyeji huiita Wafalme Watatu. Baada ya hapo taji linarudi kabatini kwa padri, na mfalme anarudi kwenye shughuli zake.

Utawala wenyewe una sheria chache, na zote Bibi Dumica anazo kichwani. Kralj anaamua ugomvi. Kralj anaalika watu mezani. Kralj ana haki ya siku moja ya kazi: akipiga mbiu, kila mwenye miguu miwili aliyepo kisiwani anatoka, awe na koti la mjini au la zizini. Anayekataa anatupwa baharini, na Januari bahari ya huku haina huruma.

Na sheria ya mwisho: kralj hafanyi kazi kwa mikono yake. Hainui mzigo, hajimiminii divai, hafungi hata kamba za viatu. Akishika kazi, ameshalivua taji, na taji likivuliwa, mbiu yake imekufa.

Mapema Desemba, upepo wa kusini ulileta mvua siku nne mfululizo. Ukuta ulio juu ya birika la kijiji ukatoa tumbo, kisha ukalala, kipande cha urefu wa nyumba mbili. Udongo wote uliokuwa nyuma yake ukateremka na kusimama hatua chache kutoka kwenye mdomo wa birika.

Morovnica haina mto wala chemchemi. Watu wanakunywa mvua, na mvua inakaa katika birika hilo ambalo mababu walilichimba kwenye mwamba. Mvua nyingine kubwa ikinyesha kabla ukuta haujasimama, udongo unaingia majini, na kijiji kitangoja meli ya maji kutoka bara kama kondoo anavyongoja kufunguliwa. Meli yenyewe wakati wa baridi huja ikipenda.

Kwa hiyo siku ya Stefano watu walifika kanisani wameshaafikiana. Tumpe Krševan taji, apige mbiu, ukuta usimame wakati wana wa mjini bado wapo. Baada ya Wafalme Watatu wote wanapanda feri, na kijiji kinabaki na wazee arobaini na migongo yao.

Lozi zikamiminika katika kofia ya Krševan mpaka zikafurika. Wakampigia makofi, wakamvika taji. Katikati ya makofi, Bibi Dumica akauliza swali moja tu.

"Mmemvika taji mwashi. Sasa nani atajenga?"

Makofi yakafa. Mganga hajigangi, na mwashi akivikwa taji hajengi. Kijiji kizima kilikuwa kimesahau.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Stošija, akimimina kahawa ya mumewe, kwa kuwa mwenyewe haruhusiwi. "Watu wazima, wengine wamesoma Zagreb. Wanamchukua mtu mmoja anayejua kazi, wanamfunga mikono, halafu wanamwambia, haya, tuokoe."

Kwa nini wasichague mwingine? Swali hilo Bibi Dumica halipendi.

"Mfalme mmoja kwa mwaka," anasema. "Hatuna wafalme wa akiba."

Na kwa nini Krševan asivue taji, ashike nyundo, ajenge? Hilo analijibu mwenyewe. Bila taji, asingepata watu. Alishawaomba Desemba nzima, nyumba hadi nyumba, akapata ndiyo nyingi na mtu mmoja, naye alikuwa na ngiri. Mtu mmoja hawezi kuinua ukuta ule kabla ya mvua, hata awe fundi wa namna gani. Alihitaji migongo thelathini, na migongo hiyo humwinamia kralj tu.

Ndipo tulipofika asubuhi hii ya tarehe tatu. Taji, kiti, mikono kwapani.

Kufikia saa tano, ukuta umefika magotini. Krševan ameongea hadi sauti imekwaruza. Mkono ungeyamaliza haya kwa kugusa tu, lakini mdomo unayazunguka. Anamwambia mmoja ajaze vijiwe vidogo nyuma ya vikubwa, yule anavimwaga kama chumvi. Anamwambia mwingine avushe kiungo, jiwe moja juu ya mawili, yule anaelewa, kisha anasahau.

"Usiyapange kama meno mdomoni," Krševan anamwambia mwalimu mstaafu. "Meno yamepangana pembeni tu. Ukuta ni kama vidole vikisali. Vinaingiliana."

Mwalimu anatazama vidole vyake. Nyuma yake kunasikika mlio mdogo, kama mtu anayetafuna karanga. Halafu kipande chote cha katikati, kilichojengwa tangu alfajiri, kinateleza na kukaa chini.

Hakuna aliyeumia. Bibi Dumica ameacha kufuma.

"Mikono, mfalme wangu," anasema, safari hii kwa upole.

Krševan ameshasimama, mikono yote miwili iko mbele, vidole vimefunguka. Anaitazama. Anairudisha kwapani, anakaa.

Upande wa kusini, juu ya bahari, mawingu yameanza kupanga safu. Kila mtu anayaona.

Stošija anatangaza mapumziko. Yanaletwa maandazi madogo ya sherehe, yenye zabibu kavu na maganda ya ndimu, na chupa ya pombe ya mimea inazunguka. Anayeanzisha hadithi ni Mzee Frane, mpiga mbiu wa mfalme, aliyekuwa mpishi wa meli za mizigo kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Mnajua huyu tumemvika nini?" anauliza.

"Debe la mafuta," mtu anajibu.

"Tumemvika jina la mtu. Sikilizeni. Melini, kazi ikiisha, tulicheza karata. Mimi nikitupa mfalme, nasema kralj. Mcheki anasema kral. Mpoland anasema krul, kama mtu aliyekabwa. Mrusi anasema korol, anaivuta kama kamba ya nanga. Mturuki na Mhungaria si ndugu zetu kwa lugha, lakini nao waliazima hilohilo wakaenda nalo kwao. Mkorofi ni Mbulgaria. Mfalme wa watu wengine ni kral, mfalme wake mwenyewe ni tsar, na yule wa kwenye karata anamwita padri."

"Afadhali padri," anasema Bibi Dumica. "Padri angalau ana kengele."

"Nikauliza, neno hili limetoka wapi mpaka limeenea hivi? Fundi mitambo mmoja Mslovenia, mtu wa vitabu, akaniambia halikuwa neno. Lilikuwa jina. Karlo."

Wajuzi wengi wa lugha wanakubaliana na fundi huyo. Karlo Mkuu, mtawala wa Wafaranki, alikuwa na nguvu miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, na askari wake walifika hadi pwani hii. Waslavi waliopakana naye hawakuwa na cheo cha kumtosha mtu wa namna ile, basi wakalichukua jina lake wakalifanya cheo. Karlo akafa. Jina likabaki likitembea, likivaa lafudhi ya kila nchi. Tsar naye ana historia hiyohiyo. Ni Kaisari wa Roma, yule tunayemsikia katika Injili, aliyefika Bulgaria na Urusi akiwa amepungua silabi.

"Yaani wafalme wote hawa wamevaa shati la marehemu," anasema karani wa bima.

"Na linawatosha," anasema Frane. "Hilo ndilo la ajabu. Karlo alikuwa na majeshi. Krševan ana kiti cha jikoni. Lakini alipopiga mbiu, wewe uliamka."

"Niliogopa kutupwa baharini."

"Na watu wa Karlo waliogopa hivyohivyo."

Krševan, aliyekuwa akilishwa andazi na mkewe, anacheka kwa mara ya kwanza leo. "Bahati yake aliitwa Karlo. Mfaranki yule angeitwa Zoilo, leo mngeniita zoilo."

Wachache wanacheka, kisha kicheko kinakatika. Stošija ameganda, andazi mkononi. Ni miaka sita jina hilo halijatoka katika kinywa cha Krševan.

Zoilo Bracanić ni kaka yake Stošija. Kwa miaka ishirini yeye na Krševan walijenga pamoja, mashemeji wawili, nyundo mbili, sufuria moja. Watu walisema ukiziona kuta zao huwezi kujua mmoja ameishia wapi na mwingine ameanzia wapi. Wao wenyewe walijua.

"Mimi nachukua jiwe, kisha nalitafutia nafasi," anaeleza Krševan. "Naligeuza, nalijaribu, nalitukana. Zoilo anatazama nafasi. Anaitazama sana. Halafu anakwenda kwenye lundo, anarudi na jiwe moja. Moja tu. Linaingia."

Kisha akaja Mjerumani mmoja mwenye nyumba ya likizo, mwenye haraka, na Zoilo akakubali kuficha saruji ndani ya ukuta ili umalizike kabla ya kiangazi. Ukuta wenye saruji ndani haupumui. Maji yanajaa nyuma yake, siku moja unapasuka. Krševan alipoigundua hakumuuliza Zoilo. Alichukua mtaimbo akauangusha upande wote wa Zoilo, mchana, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya wageni waliokuwa na vinywaji mkononi.

Zoilo aliokota nyundo yake akaondoka. Tangu siku hiyo anashika kamba za feri gatini. Krismasi Stošija hupika samaki mkavu sufuria mbili, moja kwa mumewe na moja anaipeleka kwa kaka yake chini ya shali.

Leo Zoilo hakuitikia mbiu. Yuko gatini, na hakuna aliyepata moyo wa kumtupa baharini, kwa kuwa kila mtu anajua atatupwa kwa ajili ya nani.

"Umeshalitaja," Stošija anamwambia mumewe. "Halirudi ndani. Muite."

"Hatakuja."

"Umemuuliza lini?"

Krševan anayatazama mawe yaliyolala, kisha mawingu. "Mzee Frane," anasema. "Shuka gatini. Mwambie Krševan anamwita."

Frane anashuka, anarudi akihema.

"Anasema hamjui mtu huyo. Anasema zamani aliwahi kumjua Krševan mmoja, mwashi, mwenye mdomo mrefu. Hajui alipofia."

Watu wanatazama miguu yao. Karani wa bima anakohoa ili asicheke. Krševan yuko kitini, taji limemlalia sikio moja. Hatimaye analinyoosha, si kwa mkono wake. Anainamisha kichwa na Bibi Dumica analiweka sawa.

"Rudi," anamwambia Frane. "Usimtaje Krševan. Sema kralj."

Inapita kama nusu saa. Halafu kwenye njia ya kupandia linaonekana koti la rangi ya chungwa, lile la watu wa gatini, na ndani yake mtu mfupi mwenye kifua kipana. Mkononi ana nyundo ya mwashi. Mpini wake ni mpya, mweupe, wa mti uliokatwa juzijuzi. Nyundo hiyo haina kazi gatini, na mtu habadilishi mpini wa nyundo aliyoiacha. Stošija anaiona, anageuka pembeni, anajifanya anatafuta vikombe.

"Tumsifu Yesu Kristo," Zoilo anasema kwa wote, macho yakipita juu ya kiti bila kutua.

"Milele amina."

"Zoilo Bracanić," Frane anapaza sauti ya mbiu, "kralj anakuita kazini."

"Nimesikia. Nimekuja kwa kralj. Huyo mwingine aliyeivaa suruali yake sina habari naye."

"Karibu, shemeji," anasema Krševan.

"Kralj hakaribishi, na kralj hana mashemeji. Anaamuru. Amuru, watu wasije wakasema nimekuja kwa kupenda."

Krševan anakaa wima. "Naamuru uusimamishe ukuta huu."

"Huu? Nani ameupanga, kuku?"

Karani wa bima ananyoosha mkono kidogo.

"Angalau kuku mwaminifu," anasema Zoilo, na kuvua koti.

Krševan anaegemea mbele. "Zoilo. Kuhusu ule ukuta wa Mjerumani…"

"Kralj haombi radhi," Bibi Dumica anamkatiza.

"Sijasema neno, bibi."

"Ulikuwa na mdomo wa kuomba. Kralj akiomba radhi, kijiji chote kimeomba, na kijiji hakijamkosea Zoilo. Aliyemkosea ni mmoja. Huyo hayupo leo."

"Mwache," anasema Zoilo, tayari ameupa kiti mgongo, anatazama pengo lililoachwa na mawe. "Mwache hadi Wafalme Watatu. Nimengoja miaka sita, siku tatu hazitaniua."

Analitazama pengo. Analitazama sana. Anakwenda kwenye lundo, anarudi na jiwe moja.

Kinachofuata ni vigumu kukieleza kwa asiyewahi kuona watu wawili wakijenga kwa mwili mmoja. Zoilo anapanga mawe ya pembe na ya msingi, wengine wanajaza kati. Krševan, kutoka kitini, anaona safu nzima kama asivyowahi kuiona alipokuwa amepiga magoti mbele ya jiwe moja. Anaona panapotaka kutoa tumbo kabla halijatoka. Anasema, Zoilo anapiga. Mara nyingine Zoilo ameshapiga kabla hajasema.

"Jiwe la kufunga hapo," anasema Krševan.

"Bado."

"Hapo, nakwambia, la sivyo ukuta utakuja kuachia."

"Nani anasema? Kralj au yule mwingine?"

"Kralj."

"Kralj hajui mawe. Njiani Frane kanisimulia habari za Karlo, hakusema alikuwa mwashi." Lakini analeta jiwe refu, analilaza kutoka uso hadi mgongo wa ukuta, mahali palepale alipoonyeshwa.

Jua linapozama, ukuta umefika kifuani. Siku ya mfalme imekwisha, haki yake imetumika, na hakuna tena anayelazimika. Watu wanashuka wakishika viuno. Mawingu ya kusini bado yamekaa.

Asubuhi ya pili Krševan anatoka na kiti chake, bila matumaini makubwa. Anawakuta watu kumi na wawili, na Zoilo.

"Siku za Januari ni fupi," anasema Zoilo, hamtazami. "Siku niliyoamriwa haikutimia. Sipendi kubaki na kiporo cha mfalme."

Kiporo hicho kinachukua siku mbili. Tarehe tano mchana wanalaza mawe ya juu, mapana, ya kufunika. Jioni upepo wa kusini unafungua mlango wake, na mvua inanyesha hadi alfajiri.

Siku ya Wafalme Watatu, kabla ya misa, kijiji chote kiko juu ya birika kwa miavuli. Ukuta umesimama. Chini, katikati ya mawe, maji yanachuruzika kwa nyuzi nyembamba, na ni safi. Ukuta unapumua. Karani wa bima anatafuta jiwe lake la kwanza alilolikubali Zoilo, analiona, anamwonyesha mama yake.

Padri analipokea taji, analifuta maji kwa kanzu, analirudisha kabatini. Jambo la kwanza analolifanya Krševan ni kuinama na kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Anachukua muda mrefu kuliko inavyostahili.

Tarehe saba, saa moja asubuhi, feri inasogelea gati la Morovnica. Wana wa mjini wamesimama tayari na madumu yao ya mafuta na mifuko ya tini. Kamba ya nyuma inarushwa, na kabla Zoilo hajaifikia, mikono miwili mikubwa, yenye sugu, imeshaidaka.

"Nani huyo?" anauliza Zoilo, akiwa ameinamia kamba yake ya mbele.

"Krševan."

"Krševan gani?"

"Mwashi. Yule mwenye mdomo mrefu."

"Nilisikia alikufa."

"Alikuwa ameshikwa na shughuli kidogo." Krševan anaizungusha kamba kwenye chuma. "Ukuta wa Mjerumani ulikuwa na saruji, Zoilo, na hata leo ningeuangusha. Lakini ningekuita pembeni kwanza. Niliuangusha mbele za watu, nikakuangusha na wewe. Hapo nilikukosea. Nisamehe, shemeji."

Zoilo anaifunga kamba yake mpaka mwisho. Injini ya feri inanguruma, mtu anapiga kelele juu ya mbuzi aliyesahauliwa.

"Unaizungusha kinyume," anasema hatimaye. "Utakatwa kidole, nami nitabebeshwa lawama." Anakuja, anaifungua, anaifunga upya. Kisha, bado ameinama, anasema, "Kuna tumbo jingine limetoka kwenye njia ya kanisa. Jumatatu niko huru hadi saa nane."

"Nitaleta sufuria."

"Stošija alete sufuria. Yako naijua."

Mipango ya Krševan kwa mwaka huu haina makuu. Njia ya kanisa, kisha kuta tatu za mjane mmoja upande wa kusini, kazi ya watu wawili. Na ana mpango mmoja wa siku ya Stefano ijayo, anaoutangaza kwa sauti inayofika mwisho wa gati.

"Lozi yangu inaingia kwenye kofia ya Zoilo. Ya mke wangu pia. Bibi Dumica ameshaniahidi yake."

"Msiniletee debe lile," anajibu Zoilo. "Linauma masikio."

"Linauma kweli. Lakini utakaa kitini siku nzima, umtazame Krševan akibeba mawe."

Zoilo analifikiria hilo huku feri, watu wameshapanda na kamba zimefunguliwa, ikigeuza pua yake kuelekea Zadar. "Na nikimwita, atakuja?"

"Muite kwa jina lolote," anasema Krševan.

Anapanda kijijini peke yake, mikono inaning'inia wazi, haina tena pa kujificha. Kwenye kona ya tatu, ukuta wa jirani una pengo, jiwe limedondoka kwa mvua. Siku zote angeokota lililo karibu, aligeuze, alijaribu, alitukane. Leo anasimama. Analitazama pengo, analitazama sana. Halafu anavuka njia hadi kwenye lundo la mawe, na kurudi na moja.